Tatu Mbili, Saba Mbili

Namba ya simu haiuzwi kwa macho, inauzwa kwa sikio. Hivyo ndivyo nilivyokuwaga nawaambia wenye maduka wa Musoma, nao walinicheka sana kabla hawajaanza kunitafuta. Ukimwonyesha mtu namba kwenye karatasi, ataitazama, atasema sawa, kisha ataisahau. Ukimwimbia, atatoka hapo mpaka afike kwake bado anaiimba, hata kama hataki. Na mimi kuimba namba nilijua. Kitu nilichoshindwa kukisema maishani hakikuwa na namba hata moja ndani yake, na kilikuwa kifupi tu.

Kazi hiyo nilijifunzia kwenye swichibodi ya kiwanda cha nguo. Miaka ile simu ilikuwa ya wakubwa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na kupiga simu Mwanza nako kulikuwa na foleni yake: unaomba laini, unakaa, unangoja mpaka unasahau ulichotaka kusema. Mimi nilishinda pale na vipokezi masikioni, nikitaja namba za watu kutwa nzima. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza mali za nje, ikaja mitumba kwa marobota, nguo zetu zikakosa mnunuzi, kiwanda kikafungwa, nasi tukaambiwa twende nyumbani tukangoje mafao. Mke wangu alifariki tukiwa bado tunangoja. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nikabaki na chumba cha kupanga na redio, na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Mnara wa simu za mkononi ulipopandishwa Musoma, wenzangu walikimbilia kuuza vocha. Mimi nikakimbilia namba. Wakala mmoja wa Mwanza alinikubalia nichambue maboksi yake ya laini kabla hajayagawa, nami nilikuwa nakaa sakafuni dukani kwake nazichagua kama mtu anavyochagua mchele. Nikipata nzuri naiweka mfukoni, narudi nayo Musoma, natafuta nani inamfaa.

Namba yenye nane nyingi niliipeleka kwa muuza mbegu na dawa za pamba. Nikamwambia hii inaitwa Nane Nane, sikukuu ya mkulima, mkulima gani ataisahau? Akainunua palepale. Yenye saba nyingi ilikwenda kwenye baa, maana Saba Saba ni siku ya maonyesho na watu hunywa. Iliyoishia tatu, kisha kumi na sita, nilimpelekea mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akiuza maziwa mgando. Nikamwambia, mama, Yohana tatu, kumi na sita. Hata hakuuliza bei mara mbili.

Tabu ilikuwa ile ya sita tatu. Nasema sita tatu nikiwa na maana ya sita zikiwa tatu, kama unavyosema samaki watatu: kitu kwanza, idadi baadaye. Ndivyo nilivyozitaja namba zangu zote, tangu swichibodi. Hiyo ya sita tatu hakuna Mkristo aliyetaka hata kuigusa. Mchinjaji mmoja mwenye kifua kama ng'ombe dume aliiona akarudi nyuma. Ilikaa kwangu mpaka alipotokea mchimbaji wa Buhemba, akasema dhahabu yenyewe ni ya shetani, lete.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenishinda, fundi wa majeneza wa Buhare. Karakana yake ilikuwa pembeni mwa mji. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, na hakuwahi kuoa, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, wanawake wanaogopa kulala nyumba ambayo sebule yake ina jeneza. Nilimpelekea namba iliyoishia na ishirini na tatu. Nikamwimbia, Bwana ndiye mchungaji wangu, Zaburi ya ishirini na tatu, fundi, hii ni yako kabisa. Akaendelea kupiga randa.

"Mteja wangu hapigi simu," akasema. "Na aliyefiwa haulizi namba nzuri. Anauliza jeneza liko wapi."

Alikuwa na laini yake ya kawaida, aliyoinunua dukani kama watu wengine. Mimi namba za namna hiyo niliziita kokoto. Nikaondoka nikimwona mshamba.

Sasa nimseme yeye, mwanamke niliyeshindwa kumwambia. Alikuwa mjane, kwao Butiama, na marehemu mumewe alimwachia nyumba Bunda, kando ya barabara kubwa iendayo Musoma na Sirari. Aliigeuza gesti. Vyumba vichache, ua uliofagiliwa mpaka ukang'aa, na jikoni ugali wa muhogo na sato wa kukaanga ambao madereva wa malori waliusimulia hadi mpakani. Aliniagizia kwa mtu: namtaka huyo anayeuza namba zinazokaa kichwani. Nikapanda basi nikaenda na laini mfukoni, nimevaa shati la kanisani.

Nilimkuta anaparua magamba ya samaki. Hakunyanyuka.

"Wewe ndiye mtu wa namba?"

"Ndiyo, dada."

"Haya, niimbie."

Nikamwimbia. Iliishia tatu mbili, saba mbili. Aliirudia akiwa na kisu mkononi, tatu mbili, saba mbili, akaongezea mdundo wake kwa kugonga kisu kwenye ubao, na kufikia magamba yalipokwisha alikuwa ameshaijua kuliko mimi. Akacheka kidogo. Akaniwekea sahani. Nilikula, nikasahau kumtajia bei mpaka yeye mwenyewe aliponiuliza kama laini hutolewaga bure siku hizi.

Toka siku hiyo nilikuwa natafuta sababu za kwenda Bunda. Nauli ilinimaliza. Mara nimempelekea vocha ambazo Bunda zilijaa kila duka, mara nimekuja kuangalia kama simu ina chaji, yaani vitu vya kijinga ambavyo mtu mzima angeviona mara moja, na yeye alikuwa mtu mzima. Simu yake ilikuwa kubwa kama mche wa sabuni. Aliiweka juu ya kabati la vyombo kwenye kitambaa alichofuma mwenyewe, na tukikaa jikoni tuliiangalia kama watu wanaongoja maji yachemke.

Ilikuwa haiiti. Alikuwa amemwita mchora mabango, akamwandikia jina la gesti na namba kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto. Mwenyewe alimtajia namba mchoraji huku akigeuza samaki jikoni. Ukuta ukapendeza. Madereva wakapita wakausoma. Lakini simu kimya, isipokuwa ninapopiga mimi. Mimi nikipiga kutoka Musoma inaita vizuri na anapokea, kwa hiyo tulijua laini ni nzima.

"Namba yako ina mkosi," alikuwa akiniambia. "Malori yanapita, yanalala kwa mwenzangu kule mbele. Nikifunga gesti nitarudi Butiama nikalime mihogo ya kaka zangu."

"Huwezi kufunga, dada. Wape muda watu waizoee."

Hata ukuta niliukagua. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikausoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, tatu mbili, saba mbili, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikarudi ndani nikamwambia ukuta hauna kosa. Mtu aliyejisifu kote kwamba namba ni ya sikio, nilitumia sikio palepale palipotaka macho.

Ilikuwa ziara hiyo, au iliyofuata, aliponiwekea chakula akakaa mbele yangu badala ya kurudi jikoni. Nikamshukuru, nikasema ahsante dada.

"Mimi si dada yako," akasema. "Hatukunyonya titi moja."

Jamani. Hata sasa nikikumbuka nashika kichwa. Mwanamke wa watu amefungua mlango, ameusukuma na kuuacha wazi, mimi nimesimama nje nasifia bawaba. Nilicheka. Nikasema, basi nitakuita mama. Nikaanza kumweleza habari za namba moja nzuri niliyoiona Mwanza. Alinitazama, akachukua sahani yangu nikiwa bado sijamaliza, akaenda jikoni.

Sikuwa mpumbavu kiasi cha kutoelewa. Nilielewa nikiwa kwenye basi, kabla hatujatoka Bunda. Kilichonizuia ni kwamba nilitaka kwanza simu yake iite. Nilijiambia, nitaendaje kumposa mtu ambaye nimemuuzia mkosi? Gesti ikijaa, nitakwenda kifua mbele, nitasema yote. Nilijiona nina busara sana. Nikapanga hata maneno, nikayajaribu mbele ya kioo kama namba.

Kisha wakala akaniita Mwanza, maboksi mapya yamefika, nikakaa huko zaidi ya nilivyotegemea. Niliporudi nikaenda Bunda moja kwa moja, nikakuta malori matatu yameegeshwa mbele ya gesti. Ndani nikasikia kicheko chake. Nilikuwa namjua akicheka kidogo, mdomo umefumba. Hiki kilikuwa cha kushika ukuta.

Fundi wa majeneza wa Buhare alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha chumba, anapiga randa mlango uliokuwa unakwama.

"Karibu, mtu wa namba," mwenye gesti akasema, akijifuta machozi. "Njoo umsikie huyu. Fundi, mweleze."

Fundi akaeleza, taratibu, bila kuacha kazi. Simu yake ilianza kupigwa na watu asiowajua. Wa kwanza aliuliza, una chumba? Fundi akadhani ni lugha ya majonzi, watu hutajaga jeneza kwa namna nyingi. Akauliza, cha mtu wa urefu gani? Yule akasema mimi ni mrefu kidogo, lakini nitajikunja. Mwingine akauliza kama kina choo ndani. Akamjibu, hapana mzee, hakina, hakuna aliyewahi kukihitaji. Mwingine akataka cha usiku mmoja tu, na fundi akamwambia kwa heshima kwamba vya kwake ni vya moja kwa moja.

Mwenye gesti alikuwa amekaa chini sasa, amejishika mbavu.

Mwishowe dereva mmoja alimfokea: kama huna vyumba, mbona umejiandika ukutani Bunda? Fundi akafunga karakana, akapanda basi kuja kuuona huo ukuta. Aliikuta namba yake. Akaingia ndani, akamwambia mwenye gesti, mama, wageni wako wananipigia mimi, na wako watatu wanaotaka kulala leo, nimewaahidi. Na toka siku hiyo kila anayempigia anamjibu, ndiyo, gesti ya Bunda, subiri kidogo, kisha anampigia mama, na mama anaandaa chumba. Malori yale niliyoyaona nje yalikuwa yameletwa na kokoto.

Nilitoka nje. Nikavuka barabara, nikauangalia ukuta kwa macho. Pameandikwa tatu, mbili, saba, mbili. Tatu moja, mbili moja, saba moja, mbili moja. Mchoraji alitajiwa tatu mbili, akaandika tatu na mbili, kama ambavyo mtu yeyote angeandika. Na kila aliyeisoma kwa sauti, mimi nikiwemo, alisoma maneno yaleyale niliyomwimbia jikoni. Tatu zangu mbili na saba zangu mbili zilikuwa juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa, zinangoja.

Sikukubali yaishe hivyo. Nilirudi baada ya siku chache na kopo la rangi nyekundu na brashi, nimekodi na ngazi hapohapo Bunda. Nilijiambia nikishaurekebisha ukuta, simu itaita kwake, fundi hatakuwa na sababu ya kupiga, nami nitasema maneno yangu. Nilikuwa nimeshapanda vipandio viwili mwenye gesti aliposikia kelele za ngazi akatoka.

"Unafanya nini?"

"Narekebisha. Kosa ni la matamshi yangu, nalirekebisha mwenyewe."

Alikuwa na kitenge kipya. Akaangalia kopo, akaangalia ukuta.

"Acha tu, kaka," akasema. "Watu wameshaizoea."

Hakuwahi kuniita kaka. Aliniita mtu wa namba, aliniita wewe, siku moja aliniita bwana mkubwa kwa kunikejeli, lakini kaka hapana. Mimi ndiye niliyelileta neno la undugu nyumba ile, likanirudia nikiwa juu ya ngazi na brashi inachuruzika kwenye shati. Nikashuka. Rangi nikampa mwenye ngazi.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, kama kwa watu wowote. Fundi alikuwa akienda Bunda kila Jumapili baada ya ibada. Alitengeneza milango yote, akatengeneza vitanda, na madereva walisema vitanda vya gesti ile havilii kabisa. Nilimchukia kwa muda. Nilipita karakana yake nikitafuta neno la kumchoma, nikamkuta ananiwekea kiti. Ukitaka kumchukia mtu wa namna ile lazima ufanye kazi ya ziada, na mimi nilikuwa nimechoka.

Siku moja akaja yeye kwangu, kofia mkononi.

"Kwao Butiama wanataka mshenga," akasema. "Mimi sina maneno, unanijua. Wewe una mdomo. Halafu wewe ndiye uliyetukutanisha."

Ningeweza kukataa. Mpaka leo watu wawili watatu wanaojua mambo haya huniuliza kwa nini sikukataa. Nadhani nilitaka kufika kwao hata kama ni kwa safari hiyo, au nilitaka mtu mmoja ajue kwamba mdomo wangu bado unafanya kazi. Nilivaa shati lile la kanisani, tukaenda Butiama na mzee mmoja wa kanisa lake, tumebeba sukari, majani ya chai na kitenge cha mama mkwe. Fundi alibaki Buhare kama desturi inavyotaka.

Nyumbani kwao walikuwa wametandika. Kaka zake wawili walikuwa wamevaa makoti, na mama yake, bibi mdogo wa mwili mwenye macho makali, alikaa kwenye mkeka. Alinipokea kwa mikono miwili, akanishikilia, akasema kitu kwa Kizanaki. Kaka mkubwa akacheka, akatafsiri.

"Anauliza kama wewe ndiye mtu wa namba."

"Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

Bibi akatikisa kichwa, akanipigapiga mkono, akaita jikoni walete chakula. Harufu ya kuku ilikuwa imeshanifikia. Nikaona niseme kabla ya kula, maana mshenga akishiba hulegea. Nikasimama, nikasema maneno niliyokuwa nimeyajaribu kwenye kioo, yaleyale, nikibadilisha mahali pamoja tu. Nikasema tumeona ua zuri katika boma hili, nimetumwa na fundi wa Buhare, mtu mpole, mcha Mungu, mwenye kazi isiyokosa mteja. Nilisema vizuri. Mzee wa kanisa aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusikia mshenga kama mimi.

Kaka zake walitazamana. Bibi akamuuliza mwanawe kitu, na huyo akawa hataki kutafsiri. Bibi akarudia kwa nguvu.

"Anauliza," kaka akasema, akiangalia viatu vyake, "huyo fundi ni nani. Anasema binti yake mwaka mzima alikuwa anamtaja mtu wa namba tu. Ulipoleta habari kwamba unakuja, yeye alichinja akijua ni wewe umekuja kwa ajili yako."

Nikabaki nimesimama. Nikasema fundi ni mtu mzuri, mama, atamtunza, hutajuta. Bibi akasema neno moja, na hilo hawakunitafsiria.

Chakula kikaja. Sahani ya kuku iliwekwa mbele yangu, na firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa nyumbani, ilikuwa imeshatengwa upande wangu tangu jikoni. Bibi alikuwa amepika kabla hajanisikia. Nikaila, kwa sababu kuirudisha ingekuwa matusi.